Kutoka AOL hadi benki yako: historia ya barua pepe za uongo

Haya, leo tuzungumze kuhusu barua ambayo karibu kila mwenye anwani ya barua pepe ameshaipata. Inasema imetoka benki. Inasema akaunti yako imefungwa, au itafungwa kesho, au kuna mtu amejaribu kuingia kutoka nchi ambayo hujawahi kuikanyaga. Chini kuna kiungo. Ukibofya unakuta ukurasa wenye nembo ya benki, rangi za benki, hata yale maandishi madogo ya kisheria ambayo hakuna anayeyasoma, na visanduku viwili vinakusubiri: jina na nywila.

Ushauri wa kuitambua barua hii umejaa kila mahali. Angalia makosa ya tahajia. Angalia kufuli. Angalia anwani. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na kila nikisoma orodha hizo huwa najiuliza kila alama ilitoka wapi na ilianza kutumika lini. Nilipofuatilia nikakuta jambo ambalo orodha hazisemi: kila alama ina mwaka wake wa kuzaliwa, na nyingi zina mwaka wa kufa. Mtu anayefundishwa leo kwa alama za mwaka 2004 ni kama karani wa duka anayefundishwa kutambua noti bandia kwa kutumia zile noti za zamani za elfu moja zilizoacha kutumika Kenya mwaka 2019.

Tuanze mbali kidogo, mwaka 1982, kabla hata ya tovuti. Agosti mwaka huo Jon Postel wa Chuo Kikuu cha Southern California alitoa waraka unaoitwa RFC 821, ulioeleza itifaki ya kutuma barua pepe, SMTP. Itifaki hiyo ingali inabeba barua zako hadi leo, ingawa imeongezewa viraka vingi. Inafanya kazi hivi. Seva moja inaipigia nyingine na kusema HELO. Kisha inasema MAIL FROM, barua imetoka kwa fulani. Kisha RCPT TO, inakwenda kwa fulani. Kisha DATA, na hapo barua yenyewe inamwagwa. Sasa, ile sehemu unayoiona wewe kwenye skrini, "Kutoka: Benki Fulani", imo ndani ya DATA. Ni maandishi tu kama maandishi mengine ya barua. RFC 821 haikuweka njia yoyote ya kuyahakikisha.

Ukituma mzigo kwa basi kutoka Nairobi kwenda Kisumu, karani anaandika jina lile unalomwambia. Ukijiita Otieno atakuandika Otieno. Ndivyo SMTP ilivyo. Chuoni, kwenye maabara, tulikuwa tukiongea na seva ya mazoezi kwa telnet na kuandikiana barua kutoka kwa marais na wachezaji mpira, na seva ilizipokea zote bila kuuliza. Siwalaumu wazee wa 1982. Mtandao wao ulikuwa wa vyuo na maabara, watu waliojuana kwa majina, na hakukuwa na benki hata moja iliyofikiria kumwandikia mteja huko. Lakini kumbuka mlango huo, maana ulikaa wazi kwa muda mrefu sana.

Uvuvi wenyewe ulianza Marekani katikati ya miaka ya 1990, kwenye huduma ya America Online, AOL. Siku hizo intaneti ililipiwa kwa saa, na vijana wasio na hela walijisajili kwa namba za kadi za benki za kubuni, zilizotungwa na programu ili zipite ile hesabu ya kukagua kama namba ya kadi imekaa sawa. Mwaka 1995 AOL ikakaza ukaguzi. Basi vijana wakageuza mbinu: kama huwezi kufungua akaunti ya uongo, chukua ya mwenzako. Programu moja iliyoitwa AOHell, iliyosambaa miaka hiyo, ilikuwa na kifaa maalumu cha kazi hiyo. Ilimtumia mteja ujumbe ukijifanya umetoka kwa wafanyakazi wa AOL, ukimtaka athibitishe nywila yake au namba ya kadi.

Kazi hiyo wakaiita uvuvi, na kwa Kiingereza wakaiandika phishing, kwa ph badala ya f, wakiwaiga kaka zao wa miaka ya 1970 waliochezea mitambo ya simu na kujiita phreaks. Sisi hatuna haja ya kuhangaika na tahajia. Mtu wa Lamu au Vanga anajua kwamba mvuvi hahitaji kila samaki ale chambo. Akitupa nyavu pana na nyavu hazimgharimu kitu, wachache wanamtosha. Barua milioni moja hugharimu karibu na bure, na hapo ndipo hesabu yote ya uvuvi huu ilipo.

AOL ilijibu kwa kuweka onyo kwenye ujumbe wa wateja: hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza nywila wala habari za malipo. Onyo hilo ndilo babu wa yale yote ambayo benki hutuandikia leo. Na ni mojawapo ya alama chache za zamani ambazo hazijafa, ingawa ilichosaidia wakati ule ni kidogo, kwa kuwa mteja alikuwa anasoma onyo na ujumbe wa uongo kwenye skrini moja, vyote vimeandikwa kwa sauti ileile ya AOL.

Kutoka AOL wavuvi walihamia kwenye fedha. Julai 2000 kulitokea tovuti iliyoitwa paypai.com. Soma tena polepole. Mwisho ni herufi i, na ukiiandika kwa herufi kubwa, PayPaI, kwenye fonti nyingi za tarakilishi inafanana kabisa na ile l ya PayPal. Juni 2001 ikafuata e-gold, huduma ya malipo ambayo pesa zikishatoka hazirudi. Watu wengi hulitaja shambulio hilo kuwa la kwanza kuelekezwa moja kwa moja kwenye mfumo wa malipo. Halikuleta mavuno makubwa. Ilikuwa kama mtu anayejaribu kina cha maji kwa mguu mmoja.

Mwaka 2003 wakaingia majini wote. Machi, wateja wa Commonwealth Bank ya Australia. Septemba, wateja wa Barclays huko Uingereza, jina ambalo sisi Kenya tulilijua barabarani hadi 2020 lilipogeuka kuwa Absa. Kisha NatWest, Lloyds TSB, na mwishoni mwa Oktoba ikawa zamu ya Halifax, ambayo iliamua kuizima huduma yake ya benki kwa mtandao kwa muda. Hebu fikiria hilo: barua za uongo zimetumwa kwa watu ovyo ovyo, wengi wao hawana hata akaunti hapo, na benki halali inafunga mlango wake yenyewe. Mwaka huohuo kikaundwa kikundi cha kufuatilia uvuvi huu, Anti-Phishing Working Group, ambacho takwimu zake hunukuliwa hadi leo.

Alama ya makosa ya lugha ilizaliwa katika wimbi hilo. Barua za 2003 na 2004 zilikuwa na Kiingereza cha kuchechemea, na mara nyingi chini yake kulikuwa na mistari ya maneno yasiyo na maana. Watu walicheka wakasema wezi hawa hawajasoma. Lakini mistari ile mingi haikuwa ujinga. Iliwekwa makusudi kuvuruga vichujio vya barua taka, ambavyo wakati huo vilihesabu maneno. Wengine waliandika barua nzima ndani ya picha ili kichujio kisione neno hata moja, kisha maneno ya ovyo yakafichwa kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe.

Sasa nikupeleke kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinawaumbua wataalamu wenyewe. Ushauri mkuu wa mwaka 2003 ulikuwa: usitazame barua, tazama anwani kwenye kivinjari. Ushauri mzuri. Desemba 2003 ikagunduliwa hitilafu katika Internet Explorer, kivinjari kilichotumiwa na watu wengi kupita vingine vyote enzi hizo. Anwani ya tovuti iliruhusiwa kuwa na jina la mtumiaji kabla ya alama ya @. Yaani ukiandika http://www.benki.com@tovuti-ya-mwizi, kivinjari kinakwenda kwa mwizi na kulichukua "www.benki.com" kuwa jina la mtumiaji tu. Hiyo tayari ni mbaya, lakini mtu makini angeiona ile sehemu ya mwisho. Hitilafu ilikuwa hivi: ukipachika %01 kabla ya @, Internet Explorer iliacha kuonyesha kila kilichofuata. Kisanduku cha anwani kilisema www.benki.com, kikaishia hapo.

Kwa hiyo mtu aliyefuata ushauri barabara, akatulia, akasoma anwani herufi kwa herufi, alidanganywa na kivinjari chake mwenyewe. Microsoft ilitoa kiraka Februari 2004, na safari hii ikaondoa kabisa ruhusa ya kuweka jina la mtumiaji kabla ya @ katika anwani za wavuti. Mwaka huohuo wavuvi wengine wakaja na mbinu ya kuchora kisanduku cha anwani bandia kwa JavaScript na kukilaza juu ya kile halisi. Kila alama ikitangazwa, kuna mtu mahali anaisoma pia na kuanza kazi.

Tuje kwenye herufi zenyewe. Mwaka 2006 watafiti watatu, Rachna Dhamija na J. D. Tygar na Marti Hearst, walichapisha utafiti ulioitwa Why Phishing Works. Waliwaketisha watu 22 mbele ya tovuti 20 na kuwauliza ni zipi za kweli. Watu hao hawakuwa wakiharakishwa, na walijua kabisa kwamba baadhi ya tovuti ni za uongo. Hata hivyo tovuti bandia iliyotengenezwa vizuri kuliko zote iliwapata asilimia 90 yao. Ilikuwa nakala ya Bank of the West, na anwani yake ilikuwa bankofthevvest.com. Hiyo si w. Ni v mbili. Na ilipojitokeza ile dirisha ya kuonya kwamba cheti cha tovuti kina kasoro, 15 kati ya 22 waliendelea bila kusita.

Ndio maana huwa sipendi kusikia mtu akisema aliyeibiwa ni mjinga. Jicho la binadamu halisomi herufi, linasoma sura ya neno. Hata wewe umesoma makala hii mpaka hapa bila kuangalia kila l kama kweli ni l. Na kuna ubaya zaidi: mwaka 2002 vijana wawili wa Israeli, Gabrilovich na Gontmakher, walionyesha kwamba jina la kikoa linaweza kuandikwa kwa herufi za Kirusi zinazofanana na za Kilatini. Februari 2005 ikaonyeshwa paypal.com yenye a ya Kirusi. Hapo hakuna jicho litakaloona tofauti, kwa sababu kwenye skrini tofauti haipo. Vivinjari vikalazimika kuweka sheria za kuonyesha majina ya aina hiyo kwa maandishi ya ajabu yanayoanza na xn--.

Benki nazo hazikukaa bure. Zikaja na nywila za kutumika mara moja. Huko Sweden, Nordea iliwapa wateja kadi za karatasi zenye namba za kukwangua, kama tulivyokuwa tukikwangua kadi za muda wa maongezi. Kila ukiingia unakwangua namba mpya. Mwaka 2005 wavuvi wakatengeneza ukurasa uliopokea namba, ukalalamika kwamba ina kasoro, ukaomba inayofuata. Mteja akakwangua nyingine. Nordea nayo ikaizima huduma kwa muda. Julai 2006 ikafika zamu ya Citibank, ambayo iliwapa wateja wa biashara kifaa cha kutoa namba mpya kila dakika. Ukurasa bandia ulisimama katikati: ulichukua namba kwa mteja na papo hapo ukaipeleka kwa benki halisi. Mteja akikosea nywila, ukurasa bandia ulimwambia amekosea, kwa sababu ulikuwa umeshauliza benki. Fikiria ni watu wangapi walizoea kujaribu nywila ya uongo kwanza "ili kuona kama tovuti ni ya kweli". Ujanja huo ulikufa siku hiyo. Na leo ukiambiwa namba sita zilizoingia kwa SMS zinakulinda, kumbuka Citibank ya 2006.

Kabla sijaendelea, niwape waandishi wa programu wenzangu kitu cha kuchekea. Mvuvi wa kawaida hatengenezi ukurasa wake. Anapata kifurushi: faili za HTML zilizonakiliwa kutoka benki na hati fupi ya PHP inayotuma nywila zilizovunwa kwa anwani ya barua pepe ya mvuvi. Unapakia kwenye seva iliyodukuliwa, umemaliza. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walivichunguza vifurushi vilivyogawiwa bure, wakakuta vingi vina mlango wa nyuma. Kila nywila iliyoletwa kwa mvuvi ilitumwa pia, kimyakimya, kwa aliyekitengeneza kifurushi. Anwani yake ilifichwa ndani ya msimbo kwa namna ambayo mwanagenzi asingeiona. Wezi wanavuana.

Na kwa nini kila barua inakupa saa 24? Wengi wanasema ni saikolojia, kukutia hofu. Ni kweli, lakini kuna sababu nyingine ya kiufundi kabisa. Mwaka 2007 Tyler Moore na Richard Clayton wa Cambridge walipima muda ambao kurasa hizi huishi kabla ya kuondolewa. Kurasa za kawaida zilidumu kwa wastani wa saa 62 hivi, na zaidi ya nusu hazikumaliza siku moja. Mvuvi mwenyewe ana haraka! Ukiiacha barua hadi kesho jioni kabla ya kuifungua, kuna uwezekano mkubwa utakuta ukurasa umeshaondolewa. Ninawaambia jamaa zangu hivyo: hakuna benki inayokufa ukichelewa siku moja kujibu barua pepe, ila ukurasa wa mwizi unakufa.

Hapo nimefika kwa jamaa zangu, na ndipo hasira yangu ilipo. Shangazi yangu, mwalimu mstaafu anayeishi Nakuru, ni mtu makini. Alinipelekea barua moja na maneno mafupi: "Mwanangu, hii ni ya ukweli?" Ilimtaka asasishe habari zake. Mtumaji alikuwa na jina la benki yake, ila anwani ilikuwa ya kikoa kingine kabisa, cha kampuni ya matangazo nje ya nchi. Kiungo kilikuwa kimefupishwa, hujui kinakwenda wapi. Kulikuwa na faili ya PDF iliyofunguliwa kwa namba ya kitambulisho. Na ilisema asipojibu kabla ya mwisho wa wiki, huduma zingesimamishwa. Nikafungua vichwa vya barua, nikafuata njia iliyopitia, nikampigia simu mtu anayefanya kazi huko. Barua ilikuwa halali.

Nitamfundisha shangazi nini sasa? Benki inamwandikia kwa sauti ya mwizi, mwezi unaofuata inamtumia onyo ajihadhari na barua za namna hiyo, na siku akiibiwa ataambiwa hakuwa mwangalifu. Mzigo wa kutambua umewekwa mgongoni mwa mtu mwenye zana chache kuliko wote katika mnyororo mzima.

Tumalize habari za alama. Kufuli ile ya kijani kwenye kivinjari ilisifiwa miaka mingi. Ilikuwa na maana fulani zamani kwa sababu cheti kililipiwa na mwizi hakutaka gharama. Desemba 2015 huduma ya Let's Encrypt ilianza kutoa vyeti bure kwa umma, jambo jema sana kwa wavuti, nami ninaitumia kila siku. Lakini cheti kinathibitisha tu kwamba unaongea kwa siri na kikoa hicho. Hakisemi mwenye kikoa ni nani. Kufikia mwishoni mwa 2018 karibu nusu ya tovuti za uvuvi zilikuwa na kufuli, na Septemba 2023 Chrome ikaiondoa alama hiyo ya kufuli kabisa, kwa kuwa watu waliielewa vibaya. Makosa ya lugha nayo? Tangu programu za aina ya ChatGPT zifike kwa umma Novemba 2022, mvuvi asiyejua lugha yako anaweza kukuandikia barua safi, Kiswahili kikiwemo.

Iliyobaki hai ni anwani, ukijua kuisoma. Soma kutoka mwisho kuja mwanzo. Chukua mfano wa kubuni: benkiyangu.co.ke.hakiki-akaunti.com. Mwenye hapo ni hakiki-akaunti.com, na yote yaliyotangulia ni mapambo aliyojiwekea. Matatu iliyoandikwa Manchester ubavuni bado inaishia Rongai. Soma kibao cha njia. Kwenye simu lakini hata hilo ni gumu, kwani programu nyingi za barua huonyesha jina la mtumaji tu na kuificha anwani mpaka uguse.

Mashine husoma vizuri kuliko sisi. Programu ya kutunza nywila inalinganisha kikoa kama mfuatano wa herufi. Kwake v mbili si w, na a ya Kirusi ni herufi nyingine kabisa. Ikikataa kujaza nywila mahali ambapo hujaza siku zote, simama hapo. Funguo za kidijitali zimekwenda mbali zaidi, kwa kuwa ufunguo umefungamanishwa na kikoa chake, na ukurasa ulio katikati kama ule wa Citibank haupati kitu cha kupitisha. Google iliwapa wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 vifunguo vya aina hiyo mapema 2017, na mwaka uliofuata ilisema hakuna hata mmoja aliyeibiwa akaunti ya kazi kwa uvuvi tangu hapo.

Kwetu hapa uvuvi ulipita zaidi kwenye simu, kwa sababu M-Pesa ilianza Machi 2007 na pesa zikahamia huko. Ile meseji ya "tuma ile pesa kwa namba hii" kila Mkenya anaijua. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, kifungu cha 30, iliutaja uvuvi kwa jina na kuuwekea faini isiyozidi shilingi 300,000 au kifungo kisichozidi miaka mitatu. Marekani mtu mmoja wa California aliyejifanya idara ya malipo ya AOL alifungwa miezi 70 mwaka 2007. AOL tena, miaka kumi na ushei baadaye.

Na ule mlango wa 1982? Ulianza kuzibwa kidogo kidogo. SPF ilichapishwa 2006: mwenye kikoa anatangaza seva zinazoruhusiwa kutuma barua zake. DKIM 2007: barua inatiwa saini. Januari 2012 PayPal, Google, Microsoft, Yahoo na wengine wakatangaza DMARC, inayomwezesha mwenye kikoa kuambia dunia nzima: barua yenye jina langu ikishindwa majaribio hayo, itupe. Februari 2024 Google na Yahoo zikaanza kuwadai watumaji wa barua nyingi wawe nazo zote tatu. Haizuii kikoa kinachofanana na cha benki, lakini inazuia mwizi kutumia kikoa chenyewe.

Kizuri ni kwamba rekodi hii iko wazi kwa kila mtu, hata mteja. Kwenye Linux au Mac andika hivi, ukiweka kikoa cha benki yako mahali pa mfano:

dig +short TXT _dmarc.benkiyangu.co.ke

Kwenye Windows ni nslookup -type=txt na jina lilelile. Ukiona p=reject, benki imeagiza barua za uongo zenye kikoa chake zikataliwe. Ukiona p=quarantine, zinakwenda kwenye taka. Ukiona p=none, benki inatazama tu na barua inapita. Usipopata jibu lolote, haijaandika chochote, na kwa upande huo iko mwaka 1982. Jana jioni niliangalia kadhaa na majibu yalikuwa ya kila aina. Sitayachapa hapa, maana rekodi hubadilishwa kwa dakika tano na ningependa zibadilishwe. Angalia ya kwako, na ukiikuta none, wapigie simu uwaulize ni kwa nini.